Asisubiri Mwaka wa Nne: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Idara za Uhandisi wa Umeme

Waheshimiwa Wakuu wa Idara,



Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya mashine za umeme katika chuo kimoja hapa Tanzania. Chuo sikitaji, kwa sababu ninayoyasema nimeyasikia pia kwa mafundi sanifu wenzangu wa vyuo vingine, na sitaki yeyote kati yenu aisome barua hii akadhani inamhusu jirani. Kazi yangu mnaijua: kupanga meza kabla ya vipindi, kukagua nyaya, kutunza vifaa na kushika ufunguo. Ufunguo huo nimeushika miaka 19. Nawaandikia kuhusu saa ambazo mlango unakuwa umefungwa, na kuhusu wanafunzi wa mwaka wa pili.

Alasiri moja, vipindi vimekwisha na mimi nakunja nyaya, aliingia binti wa mwaka wa pili na mfuko mkononi. Ndani mlikuwa na fungu la koili lililokatwa kwenye mota iliyoungua. Waya wa shaba umekuwa mweusi, vanishi imepasukapasuka kama ukoko wa wali. Mota ilikuwa ya mashine ya kusaga ya mjomba wake kijijini, ya hospawa 20, na ilikuwa imeungua mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Kila ikiungua fundi anaiwaindi, mjomba analipa, mashine inasaga miezi michache, kisha moshi tena, na akina mama wanarudia kutembea hadi kijiji cha pili na debe la mahindi kichwani. Fundi alikuwa amesema ni umeme wa siku hizi, mbovu. Binti hakuridhika. Kabla stata haijafumuliwa aliipiga picha kwa simu, na picha hiyo akanionyesha. Mafungu ya koili yamepangana kwenye duara: moja jeusi, mawili safi yenye rangi ya asali, moja jeusi, mawili safi, hivyo hivyo mpaka duara linakutana.

"Mzee," akaniuliza, "kama umeme ndio mbovu, mbona umeunguza theluthi moja tu?"

Niliziacha nyaya zangu nikavuta kiti.

Jibu lipo vitabuni na nyote mnalijua. Mota ya fezi tatu ikipoteza fezi moja huku inazunguka, haisimami. Inaendelea kwa fezi mbili, inanguruma kwa sauti nzito, na mkondo kwenye njia mbili zilizobaki unapanda zaidi ya mara moja na nusu. Sikumpa jibu hilo. Nilimfungia mota yetu ndogo ya kilowati 1.5, nikampangia amita tatu, tukaipa mota mzigo, kisha nikachomoa fyuzi moja. Amita moja ikaanguka hadi sifuri na mbili zikapanda. Akaandika kwenye daftari lake, akaitazama picha, akakunja uso. Kwenye jaribio letu fezi mbili zimezidiwa. Kwa mjomba zimeungua koili za fezi moja. Jaribio lilikuwa limempinga.

Alirudi kesho yake na keshokutwa. Siku ya tatu ndipo alipoikuza picha akakisoma kibati cha mota, akaona ile ya mjomba imeungwa kwa delta, na yetu ya maabara kwa nyota. Akachukua chaki akachora mwenyewe. Katika delta, njia moja ikikatika, koili za fezi moja zinabaki peke yake katikati ya njia mbili zenye umeme, na za fezi nyingine mbili zinafuatana na kugawana umeme huohuo. Zile za peke yake zinabeba mkondo karibu mara mbili ya wenzake, kwa hiyo ndizo zinazokuwa mkaa. Alipomaliza kuchora alibaki amesimama mbele ya ubao muda mrefu, chaki mkononi, na mimi sikumsemesha.

Mjomba alipigiwa simu. Swichi kubwa ilipofunguliwa, nati ya fezi moja ilikuwa imelegea na ncha ya waya imebabuka. Ovalodi, ambayo kazi yake ni kuizima mota ikizidiwa, ilikuwa imezungushwa hadi mwisho na mtu aliyechoka kuona mashine inajizima kila inapowashwa. Nati ikakazwa, ovalodi ikarudishwa pale kibati kinaposema, gharama yake haikufika hata ya soda.

Lakini kisa changu, waheshimiwa, kinaanzia wiki iliyofuata. Binti alirudi na swali la pili: wilayani kwao ni mashine ngapi ziko katika hali ile? Alitaka kwenda na klampu mita kwenye mashine 30, apime mikondo mitatu ya kila mota ikiwa inasaga, asome ovalodi imewekwa wapi, amuulize mwenye mashine mota imewaindiwa mara ngapi. Alikuwa ameshachora jedwali lake. Nikampeleka kwa mhadhiri mmoja, mtu mwema ninayemheshimu mpaka leo. Alilisifu swali kwa dhati, kisha akamwambia asubiri mwaka wa nne, kwa sababu huko ndiko kwenye mradi.

Akasubiri. Mwaka wa nne ulipofika, mada ilitakiwa itoke kwenye orodha iliyokwisha kubandikwa, na muda ulikuwa mfupi. Alitengeneza geti linalofunguka kwa kupigiwa simu. Lilifunguka siku ya mtihani na akapata alama nzuri. Zile mashine 30 hakuna aliyezipima.

Hili la "subiri mwaka wa nne" ndilo ninalowaomba mlifute.

Tazameni linavyokuwa. Mwanafunzi anakaa miaka mitatu akifanya majaribio ambayo jibu lake mimi ninalijua kabla hajaingia, kwa sababu karatasi ya maelekezo ni ileile na mota ni ileile. Akipata namba tofauti, anaifuta na kuandika ya jirani. Mwaka wa nne, muhula wa kwanza, anaandika pendekezo la utafiti. Muhula wa pili anazunguka maduka ya Kariakoo kutafuta vipuri, analehemu usiku hostelini, na wiki mbili kabla ya mtihani anaanza kuandika ripoti. Mtu hawezi kujifunza kuuliza ndani ya wiki hizo chache. Anajifunza kumaliza. Ndiyo sababu kila mwaka naona mageti, kengele za wezi na vipimia maji ya tangi, na naviona vilevile mwaka unaofuata vikiwa na rangi nyingine. Wanafunzi hawa si wavivu, nawajua kwa majina. Tumewapa muda wa kutengeneza kifaa, basi wanatengeneza kifaa.

Wengine walikwisha kulijaribu jambo hili, na zamani. Mwaka 1969, katika chuo cha MIT cha Marekani, mwalimu kijana aliyeitwa Margaret MacVicar, hajatimiza hata miaka 30, alianzisha mpango wa kuwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti wa wahadhiri. Aliyelipigia debe wazo hilo tangu 1957 alikuwa Edwin Land, mvumbuzi wa kamera za Polaroid, aliyetaka mwanafunzi awe na utafiti wake tangu siku anapoingia chuoni. Mpango ule upo hadi leo, na wa mwaka wa kwanza wanaingia. Mwaka 1987 mfuko wa sayansi wa serikali ya Marekani ukaanza kugharamia mpango kama huo kwa vyuo vya nchi nzima. Najua mtaniambia wale wana fedha. Wanazo. Ila mlango kuwa wazi kwa wa mwaka wa kwanza ni uamuzi wa mkuu wa idara, na ninyi ndio wakuu wa idara.

Sisi kinachotupungukia si maswali. Uhandisi ulianza kufundishwa Mlimani mwaka 1973, na sidhani kama katika miaka yote tangu hapo kumewahi kuwa na wakati ambapo umeme wa nchi hii ulibadilika upesi kama sasa. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 kwa njia ya kilovolti 25 yenye fezi moja, na mzigo mkubwa wa fezi moja unaotembea juu ya gridi ya fezi tatu ni somo la muhula mzima. Hayo ni makubwa, na mwanafunzi wa mwaka wa pili hatayagusa kwa mikono. Mimi namfikiria yule anayeweza kuanza na transfoma ya mtaani kwao.

Chukueni jambo moja tu. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo 2034. Gesi itabeba sehemu kubwa, lakini majiko ya umeme ya presha yameanza kuingia majumbani. Jiko moja la namna hiyo linakula kama kilowati moja linapopasha. Transfoma nyingi za mitaa na vijiji ni za kVA 50, 100 au 200. Kwa ile ya 100, nyumba 100 zikiwasha jiko saa moja jioni kwa pamoja, imejaa kabla taa moja haijawaka. Je, huwa zinawasha kwa pamoja? Jiko linapasha dakika ngapi kabla halijapumzika, likipika maharage na likipika wali? Nyumba zimegawanywa sawasawa kwenye fezi tatu, au fundi wa kwanza alipanda nguzo akaunga zote kwenye fezi iliyokuwa karibu na mkono wake? Majibu ya maswali haya yanapatikana kwa kifaa kidogo cha kurekodi mkondo, daftari, na kijana anayeijua mitaa yake na anayeweza kubisha hodi akakaribishwa jikoni. Shirika la umeme, kwa kibali na usimamizi wake, lingekuwa la kwanza kufaidika.

Tusipouliza sisi, wanauliza wengine, na naliandika hili bila kinyongo. Mwaka 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila umeme wa gridi, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa tena miezi mitatu, kwa hitilafu za waya unaopita chini ya bahari kutoka Bara. Anayetaka kusoma giza lile la 2008 lilivyogusa vipato na hata uzazi wa Wazanzibari, atamsoma Alfredo Burlando, mchumi wa Chuo Kikuu cha Oregon. Anayetaka kujua umeme ulivyoingia kijiji cha Uroa na kubadili maisha ya watu, atasoma kitabu cha Tanja Winther, mwanaanthropolojia wa Norway. Ni kazi za kuheshimika, na nashukuru zipo. Lakini vijana wa Unguja walikuwamo madarasani mwenu hata wakati ule. Kama wangekuwa wamezoea kupima tangu mwaka wa pili, ile miezi mitatu ingekuwa na madaftari mangapi?

Sasa mnisikilize kuhusu pingamizi, kwa sababu nazijua na baadhi nimezitoa mwenyewe.

Ya kwanza ni usalama. Umeme unaua. Volti 400 hazimjui msomi wala mgeni, na siku nitakayomwacha mwanafunzi peke yake na paneli iliyo hai nastahili kunyang'anywa ufunguo. Lakini usalama unafundishwa kwa kurudia, na anayeingia maabarani mara moja kwa wiki kwa saa mbili, katikati ya wenzake kumi na wawili wanaogombea mota moja, harudii chochote. Wale wachache niliowahi kukaa nao alasiri nyingi ndio ninaowaona wakipima kwanza kama umeme umekatika kweli, kabla hawajagusa. Watu wawili, mmoja kwenye swichi. Hakuna pete wala saa ya chuma. Fyuzi inatoka na inakaa mfukoni mwangu. Inawezekana.

Ya pili ni mzigo wa wahadhiri, na hii ni ya kweli kabisa. Mhadhiri mwenye wanafunzi 200 na karatasi za kusahihisha hawezi kuongezewa watafiti wachanga kumi. Nisiwadanganye, mwanafunzi wa mwaka wa pili kwa miezi ya mwanzo anachukua muda kuliko anavyorudisha. Lakini kila mhadhiri ninayemjua ana maswali mawili au matatu aliyoyaacha njiani kwa kukosa mtu wa kupima. Ayaandike, yabandikwe ukutani mwanzoni mwa mwaka, wanafunzi waje. Aliye kwenye shahada ya uzamili asimamie wawili, fundi sanifu asimamie vipimo, mhadhiri awasikilize nusu saa kwa wiki. Na kazi ikichapishwa, jina la mwanafunzi liwemo. Nimeona vipimo vya vijana vikiingia kwenye makala na majina yao yakabaki kwenye shukrani, au yasionekane kabisa. Hilo liachwe.

Ya tatu ni fedha. Utafiti ni miongoni mwa vifungu vya mkopo wa Bodi ya Mikopo, lakini wengi ninaowaona hukitumia kifungu hicho kuchapa na kujalidi ripoti. Ninachoomba hakihitaji jengo. Mota zipo. Osiloskopu nne zipo, zimefunikwa vitambaa. Kinachohitajika ni posho ya fundi sanifu kwa jioni mbili za wiki ili mlango usifungwe saa tisa na nusu, klampu mita chache, na nauli ya mwanafunzi anayekwenda kupima. Mtoto wa mkulima hawezi kukaa likizo anapima mashine za watu huku nyumbani wanamsubiri shambani. Mkimlipa kidogo, mtapata na wasiokuwa na mtu wa kuwalipia.

Na mkichagua, nawasihi, msichague kwa wastani wa alama peke yake. Yule binti wa koili alikuwa katikati ya darasa.

Kuna kijana mwingine ambaye nisipomtaja nitakuwa sijawatendea haki wanaoshindwa. Alitaka kuona taa za LED za bei rahisi zinavyoharibu umbo la mkondo. Hakuwa na kifaa, akatumia transfoma ndogo na sehemu ya maikrofoni ya kompyuta mpakato ya zamani. Wiki mbili alipata mawimbi ya ajabu, yenye meno kama msumeno, akaamini amegundua jambo. Jioni moja chaja ilichomoka ukutani, taa zikiendelea kuwaka. Kompyuta ikabaki inatumia betri, na yale meno yakatoweka kwenye grafu. Ile michirizi yote ilikuwa inatoka kwenye chaja yake mwenyewe. Aliniambia kwa huzuni, nami moyoni nilikuwa na furaha kubwa, kwa sababu tangu siku ile hakuna kipimo alichokiamini kabla ya kukichunguza chombo cha kupimia. Kwenye ripoti hakuliandika hata neno moja. Aliogopa kukatwa alama. Wekeni alama kwa ajili ya ukurasa huo. Mashindano ya ubunifu tunayo, MAKISATU yapo tangu 2019 na nayapenda, lakini jukwaani kinapanda kifaa kinachofanya kazi. Idarani pawe na mahali pa aliyepima kwa uangalifu akakuta alikuwa amekosea.

Mafunzo kwa vitendo nayo yanaweza kusaidia bila kuongeza siku. Chuoni kwetu ni wiki nane. Nasoma vitabu vya kumbukumbu vinavyorudi: leo tulibadilisha taa, leo tulisafisha stoo, leo msimamizi hakuwepo. Wiki mbili za mwisho mwanafunzi apewe swali moja la pale alipo, la kiwanda hicho, aje na namba alizozipima mwenyewe. Viwanda havitakataa kuambiwa mota zao zinapoteza umeme wapi.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango mzuri wa kumlea mhitimu kwa miaka mitatu baada ya chuo. Mimi naomba tu kwamba anayepokelewa huko awe alikwisha kuuliza swali lake la kwanza akiwa bado mikononi mwenu.

Lile fungu la koili binti aliniachia. Liko kwenye droo ya pili ya meza yangu, limefungwa kwa gazeti. Wa mwaka wa kwanza wakija kwa kipindi chao cha mwanzo, nitaliweka mezani pamoja na picha ya ile stata, bila maelezo, niendelee na kazi zangu. Akitokea mmoja akauliza, nitahitaji kujua kama ninaruhusiwa kumwachia mlango wazi hadi saa mbili usiku. Naomba jibu lenu kabla muhula haujaanza.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi sanifu, maabara ya mashine za umeme